Sura ya Tatu: Bunkeya, Siku Mwami Alipouawa

Aliyesoma sura ya nane ya Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo amekwisha kukutana na vita vya Magnesia, hata kama hakulijua jina hilo. Humo inasimuliwa jinsi Warumi walivyomshinda Antioko Mkuu, mfalme wa Asia, aliyewaendea na tembo 120, wapanda farasi na magari ya vita. Inasimuliwa pia jinsi walivyomtoza malipo makubwa, wakamnyang'anya nchi na kumpa Eumene, mfalme wa Pergamo. Mapigano yenyewe yalikuwa ya siku moja, mwishoni mwa mwaka 190 au mwanzoni mwa 189 K.K., karibu na mlima Sipylus, ambako leo ni Uturuki. Kwa siku hiyo moja mfalme mkubwa kuliko wote wa mashariki alipoteza nchi zake zote zilizokuwa magharibi ya milima ya Taurus, na hakuzipata tena.

Katanga nayo ina siku yake ya namna hiyo. Ni Jumapili, 20 Desemba 1891. Mahali ni Munema, kijiji chenye boma nje kidogo ya Bunkeya. Bunkeya yenyewe iko kaskazini mwa Lubumbashi, ukishapita Likasi, katika teritwari ya Lubudi, jimbo la Lualaba. Mfalme ni Mwenda Msiri Ngelengwa Shitambi, Mwami wa Garenganze, naye pia alikuwa mtu wa mashariki. Hapakuwa na tembo wala majeshi yaliyopangwa uwandani. Risasi zilizoamua mambo zinahesabika kwa vidole. Hata hivyo, kila kilichofuata katika nchi yetu, kampuni, reli, migodi na miji, kilipita katika mlango uliofunguliwa asubuhi ile.

Ufalme uliojengwa kwa zaidi ya miaka thelathini ulivunjikaje kwa dakika chache? Na waliosaidia kuuvunja walipata nini? Ninavyoona mimi, siku ya Munema ilimalizia kazi ambayo watu wa nchi yenyewe walikuwa wamekwisha kuianza, na faida yake haikumfikia hata mmoja kati yao.

Mwana wa Kalasa

Msiri hakuzaliwa Katanga. Alitoka kwa Wasumbwa wa Unyamwezi, katika nchi za Tabora. Baba yake, Kalasa, alikuwa mtu wa misafara. Alivuka Tanganyika na nchi ya Mwata Kazembe hadi kwa machifu wenye machimbo, akanunua shaba na kurudi nayo kwao. Kijana Ngelengwa alifuata nyayo za baba yake, na katika miaka ya 1850 alifika huku na wafuasi wachache wenye bunduki za gumegume.

Wachache hao walitosha. Chifu Mpande wa Wasanga alikuwa akisumbuliwa na mashambulizi ya Waluba, na wageni wakamsaidia kuwafukuza. Wakapewa heshima na mahali pa kukaa. Mpande alipofariki, mgeni hakuondoka, alishika madaraka. Kuanzia hapo machifu wa jirani walimwangukia mmoja baada ya mwingine, huyu kwa vita, yule kwa ndoa, mwingine kwa kuhofia yaliyompata jirani yake. Wake za Msiri walihesabiwa kwa mamia, na ndoa zile zilikuwa siasa: binti wa chifu aliyeolewa Bunkeya alikuwa kiungo kati ya Mwami na kijiji alikotoka. Mmoja wa wake hao, Maria de Fonseca, alitoka katika jamii ya wafanyabiashara wa Kireno wa Angola, na kwa ndoa ile njia ya kwenda bahari ya magharibi ikapata jamaa ndani ya nyumba ya Mwami.

Watu wake wakajulikana kuwa Wayeke, nchi yake ikaitwa Garenganze, na kuanzia karibu mwaka 1880 mji mkuu ukawa Bunkeya, katika bonde la Lufira. Usifikiri ni kijiji. Yalikuwa makazi mengi yaliyotawanyika uwandani, na wageni kutoka pwani zote mbili za Afrika walikutana huko: Waswahili na Wanyamwezi kutoka mashariki, Waovimbundu wa Bihé kutoka magharibi. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika Februari 1886, alikuta soko la bara zima.

Shaba, na njia mbili za bahari

Nguvu ya Msiri ilitoka ardhini. Tuisogelee kidogo, maana ndiyo iliyowavuta wote waliokuja baadaye.

Kazi ya shaba ilikuwa ya kiangazi, mtama ukishavunwa. Watu walipanda vilima vya machimbo na kuokota au kuchimba malakiti, lile jiwe la kijani kibichi ambalo hadi leo mtoto wa Likasi au Kolwezi analitambua kwa kulitupia jicho tu. Huku wengine walikata miti migumu na kuchoma makaa. Fundi mkuu alichagua udongo wa kichuguu, maana hauogopi moto, akajenga tanuru lake. Mivukuto ya ngozi ilipuliza hewa kupitia mirija ya udongo, na waliovukuta walipokezana kwa nyimbo mpaka mawe yalipoyeyuka na shaba ikakaa chini. Kisha iliyeyushwa tena na kumiminwa katika kalibu zenye umbo la msalaba. Ufundi huo ulikuwa na miiko na wakuu wake, na ulirithiwa ndani ya ukoo. Wayeke hawakuuanzisha. Misalaba ya shaba imepatikana katika makaburi ya kale kando ya ziwa Kisale, iliyozikwa na wenyewe karne nyingi kabla ya Kalasa kuvuka Tanganyika. Wayeke waliongeza ustadi wa kuvuta waya mwembamba wa shaba kwa ajili ya vikuku, na zaidi ya yote waliongeza soko.

Pamoja na shaba ziliondoka pembe za ndovu, chumvi, na watu. Hili la watu lisifichwe. Misafara iliyokwenda Bihé iliwachukua wanaume, wanawake na watoto waliotekwa vitani au kutolewa na vijiji vilivyoshindwa kulipa kodi. Katika njia zile zile zilirudi nguo, shanga, bunduki na baruti. Bunduki zilileta mateka, mateka wakaleta bunduki. Mwami aliyetawala kwa mzunguko huo hakuweza kuusimamisha bila kuhatarisha kiti chake.

Wamisionari waliokaa kwake waliona mafuvu ya watu yaliyotundikwa kwenye miti ya boma. Waliona pia mtawala aliyejua kupima watu, aliyesikiliza kesi kwa saa nyingi na aliyewaheshimu wageni ilimradi wasivuke mpaka. Ushahidi wote huo unamhusu mtu mmoja, na historia ya Katanga haina faida kwa kuchagua nusu yake.

Baruti yapungua

Kufikia 1891 mambo yalikuwa yamegeuka. Wasanga, wale wale ambao chifu wao alimpokea Kalasa na mwanawe, waliasi. Walikuwa wamechoka na kodi, na kuchukuliwa watoto wao, na hukumu za vifo. Uasi ulisambaa, njia za misafara zikawa za hatari, na baruti ikaanza kuwa adimu Bunkeya. Mashamba hayakulimwa, kwa kuwa mtu hawezi kushika jembe huku anasikiliza milio ya bunduki. Watu wengi wakaanza kuuhama mji. Mwami alikuwa mzee wa miaka kama sitini, na kila asubuhi alikuwa na watu pungufu kuliko jana yake.

Hali hiyo ndiyo iliyomkuta wakati Wazungu walipoanza kugonga hodi. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa amekwisha kuichora Katanga ndani ya ramani ya Dola yake Huru ya Kongo mwaka 1885. Lakini ramani haikutosha: baada ya mkutano wa Berlin, kila aliyedai nchi ya Afrika alijua kwamba mwenzake angeweza kumpinga iwapo hana bendera, mkataba wala mtu mahali penyewe. Kusini, kampuni ya Cecil Rhodes ilikuwa imepata hati ya kifalme ya Uingereza mwaka 1889 na ilikuwa ikipanda kuelekea kwenye shaba.

Novemba 1890 alikuja Alfred Sharpe, kwa upande wa Waingereza. Msiri alisomewa karatasi yake, akaikataa. Aprili 1891 alikuja Paul Le Marinel kwa niaba ya Leopold. Alipokewa vizuri, akaruhusiwa kuacha kituo kidogo Lofoi chini ya afisa wake Legat, lakini bendera haikukubaliwa Bunkeya. Oktoba mwaka huo huo alikuja Alexandre Delcommune. Naye akaondoka mikono mitupu. Wakati huo huo Msiri aliandikisha barua ya kumwita Sharpe arudi. Mwami hakuwa mzee aliyepumbazwa. Alikuwa mtawala aliyewashindanisha Wazungu wawili ili asimezwe na yeyote, na alitaka kwao kitu kimoja: baruti ya kuwarudisha Wasanga chini ya utii.

Barua ile haikufika. Iliangukia mikononi mwa msafara wa nne, uliokuwa ukija kutoka mashariki.

Siku sita

Msafara huo uliajiriwa na Kampuni ya Katanga, iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1891 ili kumtumikia Leopold. Kiongozi wake alikuwa Kapteni William Grant Stairs, Mkanada wa Halifax aliyewahi kusafiri na mpelelezi Henry Stanley. Chini yake walikuwapo Wazungu wanne: Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, Markizi Christian de Bonchamps, Mfaransa, daktari Joseph Moloney, na Thomas Robinson. Wengine wote, wapatao 400 kwa jumla, walikuwa wapagazi na askari walioandikishwa pwani, wengi wao watu wa Unguja. Walitoka Bagamoyo, wakapita Tabora, mlango wa nchi aliyozaliwa Msiri, wakafika Karema, wakavuka Tanganyika. Mizigo, mahema, risasi na chakula vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu hawa, na lugha ya amri, ya malalamiko na ya mazungumzo usiku ilikuwa Kiswahili.

Walifika Bunkeya tarehe 14 Desemba. Mazungumzo yalianza kwa zawadi na adabu. Msiri alikuwa tayari kuchanjiana udugu na Stairs, bendera hakuitaka. Stairs hakuwa na muda. Alijua kwamba Waingereza wanaweza kurudi wakati wowote, na chakula cha watu wake kilikuwa kinakwisha. Tarehe 19 aliipandisha bendera ya Dola Huru juu ya kilima bila idhini ya mwenye nchi. Usiku ule Msiri akatoka Bunkeya, akaenda Munema.

Asubuhi ya tarehe 20 Stairs alimtuma Bodson, pamoja na Bonchamps na askari wapatao mia moja, wakamlete Mwami. Munema ilizungushiwa boma la miti, na ndani vichochoro vilipindapinda kati ya nyumba. Bodson aliingia na watu kama kumi na wawili tu, akamwacha Bonchamps nje na wengine. Alimkuta Msiri ameketi mbele ya nyumba yake, akizungukwa na watu wenye bunduki. Maneno yakawa makali. Msiri akasimama na kuufuta upanga wake. Bodson akampiga risasi kwa bastola, na Mwami akaanguka. Papo hapo Masuka, mwanawe Msiri, akampiga Bodson risasi ya tumbo. Hamadi, mkalimani wa pwani, naye akajeruhiwa. Askari wa nje waliposikia milio wakavamia, na boma likawa mikononi mwao kabla jua halijapanda juu. Bodson alikufa siku hiyo hiyo.

Bonchamps mwenyewe aliandika kwamba kichwa cha Msiri kilikatwa na kutundikwa juu ya mti kambini ili watu wakione. Wayeke, kwa upande wao, wanasimulia hadi leo kwamba kichwa kilichukuliwa na hakikurudishwa, na kwamba walizika mwili bila kichwa. Kwa watu wanaoamini kwamba mfalme huzikwa mzima ili nchi iendelee, hili ni deni ambalo halijalipwa.

Njaa ya washindi

Stairs alimweka Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, katika kiti cha baba yake, lakini nchi aliyompa ilikuwa imepunguzwa mno. Machifu waliokuwa chini ya Bunkeya, wakiwamo wa Wasanga, walikuja mmoja mmoja kukiri bendera mpya. Kwa maandishi, ushindi ulikuwa kamili.

Kambini, hali ilikuwa nyingine. Mashamba yaliyoachwa bila kulimwa hayakuwa na kitu cha kumpa mshindi wala mshindwa. Mvua za Januari 1892 ziliwakuta watu wa Stairs wakichimba mizizi na kula majani na wadudu. Njaa na kuhara viliwaua wengi kuliko bunduki za Munema. Wazungu karibu wote walilala wagonjwa. Mwishoni mwa mwezi ulifika msafara wa Lucien Bia na Émile Francqui, ndipo Stairs alipoweza kuondoka. Hakufika mbali: alifariki kwa homa tarehe 9 Juni 1892 huko Chinde, kwenye mdomo wa Zambezi. Kati ya watu wapatao 400 walioanza safari, waliorudi Unguja hawakufika 200.

Nusu ya msafara ililipa kwa roho zao kwa ajili ya nchi ambayo haingekuwa yao kamwe. Majina ya Wazungu watano yamo katika kila kitabu cha historia ya Katanga. Ya wapagazi waliofia njiani hayamo, na mtaa wa kuwakumbuka haupo.

Malipo ya marafiki

Turudi kidogo kwa Warumi, kwa sababu yaliyotokea baada ya Magnesia yanatusaidia kuona vizuri yaliyotokea huku. Siku ile, wapanda farasi wa Eumene, mfalme wa Pergamo, walifanya kazi kubwa ya kuuvunja ubavu wa jeshi la Antioko. Kwa mkataba wa Apamea wa mwaka 188 K.K., Roma ilimlipa kwa ardhi. Ilikilipa pia kisiwa cha Rhodes, kilichosaidia baharini. Wote wawili waliona wamepata rafiki mwenye nguvu. Mwaka 167 K.K. Roma ikainyang'anya Rhodes zile nchi ilizoipa. Mwaka 133 K.K. mfalme wa mwisho wa Pergamo alikufa na kuiachia Roma ufalme wake kwa wosia, na nchi ya Eumene ikawa jimbo la kutozwa kodi. Rafiki wa mshindi alipewa muda tu, urithi haukuwa wake.

Katanga muda huo ulikuwa mfupi zaidi. Wasanga walidhani kwamba kifo cha Msiri kimewarudishia nchi yao. Lakini Dola Huru haikuja kuwakomboa. Ilitaka mpira, pembe, wabebaji na utii, na Mukanda Bantu, aliyehitaji kulinda kidogo kilichobaki, alitoa wapiganaji wa Kiyeke kuisaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1890 chifu Mulowanyama wa Wasanga, aliyekataa kutii, alikimbilia na watu wake katika pango la Chamakele. Askari wa Dola waliwazingira kwa majuma mengi. Walioingia humo, wakiwamo wanawake na watoto, wengi hawakutoka. Wasanga walioasi dhidi ya Mwami walikuja kuuawa na dola iliyomuua Mwami.

Nao Wayeke hawakupata zaidi ya cheo kilichopunguzwa. Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga kusimamia ardhi. Mwaka 1906 ikaanzishwa Union Minière du Haut-Katanga, na vilima vya malakiti vikawa mali yake. Wajiolojia walioitafuta shaba hawakutangatanga porini: waliongozwa kwenye mashimo ya mafundi wa kale. Alama za mivukuto na tanuru za udongo ndizo zilizoonyesha mahali pa kuchimba.

Kila tarehe 20 Desemba Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri, na wana haki. Alikataa bendera ya kigeni akijua gharama yake. Lakini kumbukumbu hiyo ingekuwa kubwa zaidi kama ingewabeba pia wale waliouzwa Bihé kwa baruti yake, na Wasanga wa Chamakele, na watu wa Unguja waliokufa kwa njaa chini ya kilima cha bendera. Mtawala anayekandamiza watu wake humwandalia adui mlango. Na watu wanaomwalika mgeni aje kuwaondolea mtawala huyo, wasipokuwa na umoja wao wenyewe, hubaki na mgeni. Somo hili halikuishia 1891. Katanga imelirudia tangu wakati huo, kwa majina mengine na kwa madini mengine, na kila mara walioingia kwa jina la ukombozi walikuwa na ramani ya machimbo mfukoni.

Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mji mpya wa Elisabethville, Lubumbashi yetu, ukaanza kupimwa mitaa. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière lilimwaga shaba yake ya kwanza. Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu Munema, na kazi ya kiangazi yenye nyimbo, miiko na mafundi wake ikawa kazi ya king'ora, ya mwaka mzima, kwa mshahara uliopangwa Brussels. Ni nani walioletwa kuifanya, walitolewaje vijijini mwao, na walijengaje mji ndani ya mji ambao haukukusudiwa kuwa wao? Hayo ndiyo ya sura inayofuata.